Lidia wa Minazini

Kwanza, mjomba, hilo si jina la kanisa. Ni jina la nchi. Na pili, hata lingekuwa la kanisa, mwanamke wa kwenye mchezo wetu haendi kubatizwa wala haolewi na padri. Anakataa kutoka shambani kwake, basi, hayo tu.

Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama, na kwetu si adabu, mtu mzima ameketi barazani kwake nawe umemsimamia kama askari wa kodi. Lakini nilikuwa nimetoka skuli mbio, jasho lanitoka. Wanawake wangu wa kisomo walikuwa wamesikia kwamba mjomba, aliye katika kamati ya sherehe, ameupiga marufuku mchezo wetu wa kuigiza. Siku ya uhuru watoto wa skuli wataimba, wazee watacheza ngoma zao, na sisi wa darasa la watu wazima tutakaa kutazama. Sababu? Ati mwanamke wa kwenye mchezo anaitwa Lidia.

"Nchi gani hiyo?" mjomba akauliza. "Mimi nimefika Tanga, nimefika Pemba, nimefika Lamu. Lidia sijaiona."

"Ilikufa zamani, mjomba."

"Lo! Sasa mama, umekosa majina ya watu walio hai, ukaenda kufukua la nchi maiti?"

Vibarua wake wawili, waliokuwa wakipasua nazi za kukausha mbata uani, wakacheka mpaka mmoja akaweka panga chini. Sikucheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi Bongwe na sanduku la vitabu, najitolea kuwafundisha mama zangu kusoma, na hakuna aliyenishukuru isipokuwa wao wenyewe.

Mjomba huniita mama. Si kwa mapenzi tu. Kwetu jina halitolewi hewani. Mtoto akizaliwa hupewa jina la mtu, bibi au babu au shangazi. Mwenye jina akiwa hai, mnakwenda kumwomba, na kama ni mwanamke mnakwenda na leso mpya ya kumpa ajifunge. Akikubali, yeye na mtoto ni somo, na kuanzia siku hiyo mtoto ni yule mtu. Dada yangu alichukua jina la kwa baba. Mimi nikapewa la kwa mama, jina la bibi yangu, aliyemzaa mjomba. Nilipokuwa mdogo mjomba alinichapa siku moja kwa kumwaga maziwa. Bibi akamwita, akamwambia mbele ya watu, "Umenichapa mimi." Hakurudia tena.

Ndiyo maana katika kurasa hizi sitaandika jina la mtu yeyote wa kwetu. Jina lina wenyewe, na mwaka ule nilikwisha kugombana na wenyewe wa kutosha.

Maana Lidia hakuwa wa kwanza. Nilipouandika mchezo mara ya kwanza nilimpa yule mwanamke jina la kwetu, zuri, la kawaida. Hadithi yenyewe ni fupi. Mwanamke amepanda minazi kwa mikono yake. Mwanamume wa ukoo wake anataka kuiuza minazi na ardhi yake kwa mgeni wa kujenga nyumba za wageni pwani. Mwanamke anakaa chini ya mnazi, anasema hatoki. Wanawake wa kisomo waliupenda. Aliyeshika nafasi ya mwanamke huyo ni msuka makuti mmoja mnene, sauti yake ukiisikia unadhani anamwita mtu aliyeko kisiwani Funzi. Tukafanya mazoezi siku ya kwanza, madirisha wazi.

Kesho yake asubuhi akaja bibi mmoja jirani wa skuli, leso ameifunga kiunoni, tayari kwa vita.

"Nani amesema mimi nimemkatalia ndugu yangu?"

"Si wewe, bibi. Ni mchezo."

"Jina la nani?"

"Lako, lakini..."

"Basi ni mimi. Na ndugu yangu ni marehemu, hawezi kuja hapa kujitetea. Mwataka nikamwambie nini siku ya kiyama?"

Nikamweleza, kwa maneno yangu ya skuli, kwamba katika vitabu jina ni kama nguo tu, mwandishi humvisha mtu wake.

"Kama ni nguo, hiyo ni yangu," akasema. "Mvueni."

Tukamvua. Nikatafuta jina la mtu aliyekufa zamani, nikidhani wafu hawana haraka. Wakaja wajukuu zake, wanaume watatu wazima. Hawakugombana. Walikaa nyuma ya darasa, mikono wameikunja, wakasikiza mazoezi mwanzo hadi mwisho, na kila msuka makuti alipopaza sauti mmoja wao akasema polepole, "Bibi hakuwa na sauti kubwa hivyo." Ukijaribu kuigiza hali umetazamwa namna ile utajua taabu yake.

"Mwalimu," msuka makuti akaniambia walipoondoka, "tumwite Baiskeli. Baiskeli haina ukoo."

"Nani atamlilia mwanamke aitwaye Baiskeli?"

"Mume wangu. Analia kila ikipasuka mpira."

Ndipo nikamkumbuka Lidia. Mwalimu wetu wa historia kule Mombasa alitufundisha falme za kale, na moja iliitwa Lidia, ng'ambo huko kwa majirani wa Wagiriki. Ilikuwa na dhahabu, ikapiga sarafu kabla ya wengi, kisha ikashindwa vitani na kufutika. Leo hakuna mtu hata mmoja duniani anayesema kwetu ni Lidia. Lakini jina halikufa. Lilihama kutoka kwa nchi likaenda kwa wanawake. Nililiona tena maktabani. Washairi wa Roma ya kale walimwita Lidia mwanamke waliyemtamani. Baadaye waandishi wa michezo na wa hadithi za Kizungu wakampa jina hilo msichana mwenye kichwa kigumu, wa kutoroka, wa kukaripiwa. Nilisoma kila Lidia niliyempata. Na jambo moja lilinikera, nikamwuliza hata mwalimu wa fasihi, akasema nisome tu kilichoandikwa. Huyu mwanamke amebeba nchi nzima katika jina lake, na katika kila kitabu hana hata pahali pa kuweka mkeka. Anasimama dirishani kwa watu. Anangojwa mlangoni kwa watu. Hakuna mwandishi aliyempa shamba.

Basi mimi nitampa. Niliona ni haki kabisa. Lidia atakuwa na minazi Diani, na hakuna bibi wa Bongwe atakayekuja na leso kiunoni, maana hakuna aliye somo wa Lidia. Wanawake walilijaribu jina mdomoni, wakaliona linasemeka. Tukafanya mazoezi siku nyingi kwa amani. Mpaka mjomba.

"Umesema yako," akaniambia pale barazani. "Sasa na mimi niseme. Jina ni la mbali, sawa. Lakini minazi naijua."

Ilikuwa kweli na kila mtu aliijua. Bibi yangu anakaa Diani, karibu na pwani, katika minazi aliyoipanda mwenyewe tangu alipokuwa mke wa nyumba ile, na mjomba alikuwa amekwisha kuzungumza na Mzungu mmoja anayetaka kujenga pale. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Mama yangu hakuweza kumjibu, ni kaka yake mkubwa. Bibi hakusema lolote, na mjomba alichukua kunyamaza kwake kuwa ni radhi. Aliahidi kumjengea nyumba ya bati Bongwe. Mimi nikaandika mchezo.

"Kama minazi unaijua," nikasema, "basi neno si jina."

"Neno ni jina vilevile! Umejificha nyuma ya mtu asiyekuwapo. Unanitukana kwa mdomo wa nchi maiti." Akawageukia vibarua. "Nyinyi ni mashahidi. Mimi si mtu wa kuzuia furaha ya watu. Mama akileta mchezo wake na jina lenye mwenyewe, mwenyewe akaridhia, sitasema neno. Nitakaa mbele nimtazame."

Vibarua wakasema wamesikia. Alikuwa mjanja, mjomba. Alijua hapa hakuna mwanamke wa kuazima jina lake kwa maneno kama yale. Kisha, nilipokuwa nimekwisha kugeuka, akaongeza, "Na usiseme Lidia hayupo. Nenda soko la Ukunda Jumatano. Kuna Lidia anauza maharagwe. Yeye umemwomba?"

Nilikwenda. Kwani ningeshindwa kumwomba mtu jina? Nilinunua leso mpya, ya rangi ya zambarau, nikaenda nayo.

Alikuwa mama wa Kikamba, katika wale waliopewa mashamba na serikali juu kule milimani. Ameketi kati ya magunia mawili, kibaba mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maharagwe ama mbaazi?"

"Nimekuja kukuomba jina."

Akanitazama kama mtu anayetazama noti asiyoiamini. "Jina? Mimi niko na mawili. Ya nyumbani na ya kanisa."

"La kanisa."

"Hiyo hata ukichukua siwezi kulia. Aliyenibatiza aliniambia ni ya mwanamke alikuwa anauza vitu. Nikamwambia basi hiyo ni yangu, mimi nauza tangu nikiwa hivi." Akaonyesha kimo cha gunia. "Lakini kwenu mtu anaomba jina kama anaomba chumvi?"

Nikamweleza yote. Nikamweleza ufalme, dhahabu, washairi wa Roma. Huku ananisikiza huku anawapimia wateja, na kila mara aniambie ngoja kidogo. Nilipofika kwenye minazi akaweka kibaba chini.

"Huyo Lidia wako anakatalia nani?"

"Mjomba wake."

"Shamba ni ya wapi?"

"Hapa, Diani."

"Na Lidia ni mtu wa wapi?"

Nikafungua mdomo nikasema, "Ni wa... ni jina tu, mama."

"Sikiliza, binti. Sisi tumekuja hapa juzi. Kuna watu wanatusalimia vizuri, na kuna watu wanatuuliza tutarudi kwetu lini. Hiyo siku ya bendera watu wote watakuwa hapo. Wewe unasimamisha mwanamke anaitwa Lidia mbele yao, amekaa kwa shamba ya pwani, anasema sitoki. Hao watu wataona nani? Wataona ufalme wako? Wewe utapigiwa makofi uende nyumbani. Mimi nitaulizwa, hapa, Jumatano ingine."

"Lakini ni mchezo tu."

Nilipolisema nililisikia. Lilikuwa neno lile lile nililomwambia bibi wa leso kiunoni, na halikuwa na nguvu zaidi ya siku ile.

"Kama ni mchezo tu," akasema, "si ungeweka yako?"

Alisema bila ubaya, tayari anamtazama mteja mwingine. Nikamwekea leso mapajani. Adabu ni adabu hata ukinyimwa. Akaikunjua, akaipima kwa mikono.

"Jina nimekunyima," akasema, "lakini leso ni nzuri, na umenizuia kuuza asubuhi yote." Akaiweka nyuma ya gunia, akanimiminia maharagwe katika kikapu changu, vibaba viwili, na vya kujaa.

Niliondoka Ukunda kwa miguu, nimevimba. Sikumkasirikia yeye, nani angeweza? Nilikasirikia vitabu vyangu. Nilidhani nimepata jina lisilo na mtu, kumbe yuko mtu amekaa juu yake, na mzigo niliouogopa mimi ningemtwisha yeye. Hata hao washairi wa Roma, sasa nawashuku. Nani ajuaye walikuwa wakimsema nani, jirani gani, mke wa nani, wakamvika jina la nchi iliyoshindwa kwa sababu nchi iliyoshindwa haiwezi kuja darasani na leso kiunoni?

Si ungeweka yako. Jibu nililijua tangu Ukunda mpaka njia ya kwenda pwani. Langu si langu peke yangu. Mwenye jina yu hai, na ni mama yake mjomba. Ndiyo maana sikuwa nimethubutu hata kuliwazia.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja minazini. Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo ameuelekeza baharini, maana bahari anasema haina jipya. Nikamshika mkono, nikambusu. Nikaweka maharagwe chini.

"Ya nani haya?"

"Ya Lidia."

"Nani huyo?"

"Mtu aliyeninyima jina."

Akacheka. "Na wewe unalo. La pili la nini? Wataka kuzaa?"

Sikuwa na leso nyingine. Nikavua mtandio wangu wa skuli, nikaukunja vizuri, nikauweka mapajani pake, nikapiga magoti mchangani. Nilimwambia nimekuja kumwomba jina lake. Akasema nililichukua nikiwa na siku saba, na nilikuwa nalia, na hakuna aliyenitaka radhi. Nikasema hili ni la mwanamke mwingine, wa mchezo, atakayesimama mbele ya watu. Nikamwambia kila kitu, na mjomba nikamtaja. Sikumpunguzia.

Bibi alimaliza kizio cha nazi. Alichukua kingine, akakitazama ndani, akakiweka.

"Huyo mwanamke anasema nini?"

"Anasema mnazi ukihama, naye atahama."

"Maneno ya skuli," bibi akasema. "Mnazi hauhami. Kila mtu ajua."

Nikaona haya kidogo. Kwa kweli nililipenda lile neno.

"Mwanangu aliniambia minazi imezeeka," akaendelea, na hakuwa akinitazama mimi, alitazama juu, kule madafu yaliko. "Ati imezeeka, haina faida, bora iondoke. Nikanyamaza. Nilikuwa nangoja aulizwe na mtu mwingine. Mimi pia nimezeeka. Mimi ataniuza kwa nani?"

Nikamwuliza kama naweza kuyaandika maneno yale.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Nikamtajia jina langu.

"Basi maneno ni yako, na jina ni lako." Akauchukua mtandio, akajitanda, ukawa mdogo, akaniuliza kama skuli hawana vitambaa. Kisha akanipa kizio nikune, kwa sababu kwa bibi hakuna mazungumzo yanayosimamisha kazi.

Jioni ile nilirudi Bongwe na mchezo wangu ukiwa na mwisho, ambao ulikuwa umenikataa tangu mwanzo. Nilimpitia msuka makuti, nikamwambia Lidia ameondoka. Akasikitika, alikwisha kumzoea. Nikamtajia jina jipya. Akaweka ukuti chini, akasema, "Mwalimu, hilo siwezi kulisema mimi. Mjomba wako atanikata miguu."

"Hutalisema wewe. Nitasimama mimi."

"Wewe sauti huna."

"Basi kaa nyuma yangu unisukume."

Alikubali, akacheka, akasema atanisukuma kama lori lililokwama. Mama yangu hakucheka nilipomwambia. Alisema tu nimwangalie mjomba usoni wakati nasema, nisitazame chini, maana yeye alitazama chini miaka yote na haikumsaidia kitu.

Nikaazimia hivi. Asubuhi, kabla ya mazoezi, kabla mtu mwingine hajampelekea habari, nitapita barazani kwa mjomba vibarua wakiwapo. Safari hii nitavua viatu na nitaketi. Nitasema, "Shikamoo, mjomba." Nitangoja aitikie kama anavyoitikia siku zote, "Marahaba, mama." Na akishaniita hivyo, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wake, nitamwambia jina lenye mwenyewe limepatikana, mwenyewe ameridhia, na nitamwuliza swali la bibi, mimi ataniuza kwa nani.